Fenili Kabla ya Methili

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Imenyesha tangu asubuhi bila adabu, ikaingia jikoni kwa lile dirisha lisilofunga sawasawa. Nimeweka kitambaa kwenye kizingiti, nacho kimeshalowa.

Tarishi wa shirika la vitabu ameleta bahasha. Ndani mna sura moja ya kitabu cha kemia kinachoandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya shule za sekondari, na barua fupi ya mhariri ikiniomba niisanifu lugha yake. "Tunaujua ukali wako, Mwalimu," ameandika, "ndiyo maana, tumekuletea wewe." Koma ya mwisho haina kazi. Sura inaitwa "Namna ya Kuzipa Etha Majina". Sijui etha ni nini. Nilifundisha sarufi mpaka nikastaafu, na kemia niliachana nayo nikiwa kijana, siku ilipoanza kunuka.

Mwandishi wa sura ni binti yangu. Anafundisha kemia katika mji ulio mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Tangu mama yake afariki mwaka juzi, tunazungumza kwa simu kukiwa na jambo. Sisi si watu wa porojo.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Nimeisoma sura yote. Sikuelewa kitu, lakini vituo vya uandishi viko mahali pake.

Jumamosi, 8 Machi

Mimi simpigii binti yangu simu. Mdogo ndiye amwamkiaye mkubwa, si kinyume chake. Nilimwandikia ujumbe: "Ukurasa wa kwanza una kosa." Akapiga kabla sijaiweka simu mezani.

"Shikamoo, baba. Kosa gani tena hilo?"

"Marahaba. Umeandika 'maetha'."

"Ziko nyingi, baba."

"Hata nyumba ziko nyingi, na husemi 'manyumba'."

"Wanafunzi wangu wanasema."

"Ndiyo maana Mungu bado ananiweka hai."

Akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba hucheka kwa kuvuta pumzi ndani, kama mtu aliyekanyaga maji baridi. Mama yake alicheka vivyo hivyo. Tulikubaliana: etha hii, etha hizi. Kisha nikamwuliza etha yenyewe ni kitu gani, maana siwezi kusahihisha nisichokijua.

"Ni oksijeni, baba, iliyokaa katikati. Huku kuna kundi la kaboni, na huku kuna kundi jingine la kaboni. Oksijeni imewashika wote wawili mikono."

"Na jina?"

"Unayataja makundi yote mawili. Kama yamefanana, unasema etha ya diethili. Kama ni tofauti, unafuata alfabeti. Etha ya ethili na methili. E, halafu M."

Nimependa. Wawili wametajwa, kiunganishi kipo, wala hakuna aliyemezwa na mwenzake. Ni jina lenye haki.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimeaibika, lakini ukweli uandikwe.

Sura ina namna ya pili ya kutoa majina, ile ya kitaalamu. Humo hakuna "na". Kundi dogo linapoteza kiishio chake, "-ili" inadondoka na "-oksi" inashika nafasi yake, kisha linabandikwa mbele ya lile kubwa kama kiambishi awali. Methili inakuwa methoksi. Kubwa linabaki kuwa shina la neno. Haya ni mambo ninayoyajua. Viambishi nimevifundisha maisha yangu yote. Nikalifanya zoezi la mwisho wa ukurasa. Mchoro ulionyesha kaboni mbili, kisha oksijeni, kisha kaboni moja. Nikaandika: ethoksimethani. Nikaona jibu la nyuma limeandikwa methoksiethani, nikatuma ujumbe: "Jibu la zoezi la pili lina kosa."

Akapiga.

"Baba, umeanzia kushoto."

"Kila mtu aliyestaarabika huanzia kushoto."

"Umeisoma kama sentensi! Molekuli haina mwanzo wala mwisho. Igeuze, ni ileile. Hutazami nani kaandikwa kwanza, unatazama nani ana kaboni nyingi. Mwenye nyingi ndiye shina. Mwenye moja anakuwa kiambishi, hata kama amekaa mbele."

"Hata kama ametangulia kufika?"

"Hata kama ni mwalimu mkuu."

Nikaugeuza mchoro. Amekuwa mwalimu mzuri, hakunionea huruma.

Baada ya simu nilikaa nikalifikiria neno "methoksi". Kiambishi hakisimami peke yake. Ukikikuta kimeandikwa peke yake kwenye karatasi, lazima kifuatwe na kistariko, ili msomaji ajue kuna kitu kimeondoka.

Ijumaa, 14 Machi

Chini ya chumba changu kuna fundi cherehani, mama mmoja mjane mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Leo aliniona nikipita na kunitazama kidevu.

"Mwalimu, siku hizi unanyoa ndevu kabla ya saa nne. Kuna mchumba?"

"Kuna simu."

"Simu haina macho, baba wewe!"

Sikumjibu. Bango lake limeandikwa "tunashona nguo za kila aina zote". Nimemwambia mara nyingi achague, "kila" au "zote". Anasema wateja wanaelewa.

Jumapili, 16 Machi

Hakuna jambo. Mvua.

Jumatano, 19 Machi

Nimelipata kosa kubwa, kosa halisi.

Katika jedwali ameandika "etha ya methili na fenili". Lakini amesema mwenyewe kwamba tunafuata alfabeti, na F hutangulia M katika alfabeti ya kila mtu aliyewahi kukalia dawati. Chini yake ameandika "etha ya sikloheksili na methili". S ije kabla ya M? Nikatuma ujumbe, akapiga.

"Baba, hayo nimeyapanga kwa herufi za kimataifa. Fenili kule inaanza na P. Na hii nyingine inaanza na C."

"Kitabu kimeandikwa kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

"Kiswahili hakina C inayosimama peke yake, na fenili haina P hata ukiitafuta kwa tochi. Mtoto ataitafuta wapi hiyo P? Utakuwa umempa kanuni, kisha umemwadhibu kwa kuifuata."

Nilisikia kengele ya shule yake ikilia, na watoto wakikimbia.

"Lakini watakapokwenda chuo, baba, watayakuta yamepangwa vile. Watachanganyikiwa."

"Basi waandikie sentensi moja ya kuwaonya. Usiivunje kanuni."

"Nitakupigia kesho. Hili si dogo."

Ijumaa, 21 Machi

Amepiga jana kweli, na leo tena.

Jumanne, 25 Machi

Tumegombana. Amepiga mara mbili leo. Mara ya kwanza kwa upole. Alisema amewauliza walimu wenzake, na nusu wanasema baba yake ana haki, na nusu wanasema baba yake ni mkaidi.

"Nusu hizo mbili hazipingani," nikamwambia.

Mara ya pili alikuwa amechoka. Alisema ana madaftari ya kusahihisha, mtoto wake ana kikohozi, na mimi nimekaa nikimtafutia fenili mume.

"Adabu," nikasema.

"Samahani, baba. Lakini wewe hujawahi kusema kitu changu kimekuwa kizuri. Hata kimoja. Unajua hilo?"

Nikamwambia kwamba asipopata alama nyekundu ajue nimeridhika. Ndivyo nilivyowafundisha wote. Akasema, "Haya, baba," akakata.

Mvua imeshika tangu hapo. Dari la chumbani limeanza kutoa doa lenye umbo la sikio.

Sikujua mjukuu wangu ana kikohozi. Ilibidi kijitokeze ndani ya ugomvi wa alfabeti.

Jumatano, 2 Aprili

Nimeshinda. Kamati ya kitabu imekutana na kukubali kwamba majina yapangwe kwa herufi za Kiswahili, na wanafunzi waonywe kwa sentensi moja. Etha ya fenili na methili. Etha ya methili na sikloheksili. Binti yangu amenisomea uamuzi wote, akasema, "Hongera, baba. Jedwali limenyooka sasa."

"Kikohozi je?"

"Kimeisha zamani."

Tukaagana. Nikalipitia jedwali, nikalikuta safi.

Alhamisi, 3 Aprili

Sura haina kosa jingine.

Jumapili, 6 Aprili

Hakuna simu. Nimegundua jioni kwamba sikutamka neno kutwa nzima. Nilikohoa, na sauti yangu ikanishtua. Redioni mtangazaji alisema "wimbo uliopendwa na watu wengi sana kupita kiasi". Nilimsahihisha kwa sauti. Hakunisikia.

Kiti cha marehemu mke wangu bado kiko upande wa dirisha. Nimekisogeza kidogo kwa sababu ya maji.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemtumia ujumbe: "Neno 'etha' lenyewe lina tatizo."

Akapiga mchana, akiwa na chakula mdomoni. Nikamwambia kwamba kukopa ni udhaifu, na kwamba lingetafutwa neno letu la asili. Nilipendekeza "kishikanishi". Akalirudia polepole.

"Kishikanishi cha ethili na methili?"

"Kwa nini kisiwe?"

"Baba, si wewe uliyenifundisha kwamba neno likishakaa midomoni mwa watu halihamishwi kwa barua?"

Ni kweli nilimfundisha hivyo. Hata hivyo nilimwambia alipeleke kwa kamati. Akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Sikuwa nayo.

Jumapili, 13 Aprili

Amepiga kusema kamati imekataa kishikanishi. Alicheka aliponisimulia jinsi mwenyekiti alivyolitamka. Tulizungumza mpaka chai yangu ikapoa. Kabla hajakata nikamwambia nina shaka na kistariko katika "2-methoksipropani".

"Ile namba inaonyesha oksijeni imeshikwa na kaboni ya ngapi, baba. Kistariko kinatenganisha namba na neno. Tulishakubaliana mwezi uliopita."

"Nataka kukitazama tena."

"Haya, baba. Tazama."

Kuna kitu katika "haya" yake. Zamani ningekiita utovu wa adabu. Leo nimekiita uchovu, na bado sijairudisha sura.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemweleza fundi cherehani, kwa kifupi, kwamba nina kazi ya watu mkononi na sijaimaliza. Alikuwa akipinda gauni la harusi.

"Imebaki nini?"

"Vitu vidogo vidogo."

"Mwalimu, mimi nimeshona tangu sijaota meno ya hekima. Nguo iliyokwisha ikikaa kwa fundi, mwenyewe hadhani kwamba fundi anaipenda. Anadhani imeungua."

"Sijasema imekwisha."

"Wala mimi sijasema wewe ni fundi," akasema, akauma uzi.

Jumanne, 22 Aprili

Leo kalamu ni nzito.

Mhariri amepiga simu asubuhi. Ni kijana mpole, nilipata kumfundisha darasa la sarufi. Alikuwa hajui kutofautisha "wa" na "ya" hata ukimpa mifano ya watu wa nyumbani kwao. Aliniamkia vizuri. Kisha akasema, "Mwalimu, sura zote zimeingia isipokuwa ya etha. Mtambo wa uchapaji umeshapangiwa wiki ijayo. Sura isipofika kabla ya Ijumaa, kamati itaingiza nyingine, maana kuna mwandishi mwingine aliyekwisha kuandika yake. Jina la binti yako litaondolewa kitabuni."

"Yeye analijua hilo?"

"Tangu mwanzoni mwa mwezi. Hakukwambia?"

"Hajaniambia."

"Alitukataza hata tusikuhimize. Alisema, mwacheni mzee amalize kwa raha yake."

Nikaona nimwulize jambo ambalo sikuwahi kuliuliza, kwa kuwa nilidhani jibu lake liko wazi. Nikamwuliza ni nani aliyenichagua.

Kijana akasita. Mhariri akisita, ujue sentensi inayofuata ameifuta mara mbili kichwani.

"Ni yeye, Mwalimu. Sisi tuna msanifu wetu hapa ofisini. Alituomba kazi hii uletewe wewe. Alisema nyumba yako imekuwa kimya mno, na hajui akupigie kwa jambo gani. Usiniponze."

Nikamshukuru, nikakata simu.

Kwanza nilikasirika. Nitaiandika hasira hiyo kama ilivyokuwa. Nilisema kwa sauti, chumbani, peke yangu, kwamba mimi si wa kutafutiwa shughuli kama mtoto anayepewa vifuniko vya chupa achezee. Nilisema nimesahihisha vitabu kabla yeye hajajua kushika kijiko. Nilizunguka meza. Nikajigonga goti kwenye kiti cha marehemu, nikakaa hapo hapo juu yake. Sikuwahi kukikalia.

Kisha hasira ikapungua, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Nilidhani nimekuwa nikimwita kwa makosa yangu ya kubuni bila yeye kujua. Alijua. Mtoto aliyelelewa na mimi asijue kwamba kistariko hakina tatizo? Alijua tangu kishikanishi, huenda hata kabla. Kila nilipotuma ujumbe alipiga, madaftari yakimsubiri, akiwa na chakula mdomoni, na sura yake ikizidi kuchelewa. Alikuwa tayari jina lake litoke kitabuni kuliko kuniambia, "Baba, basi."

Nami hilo "basi" nilikuwa nalo mkononi tangu tarehe tatu ya mwezi huu.

Nimeifungua sura. Pembezoni mna alama zangu nyekundu. Nimezipitia moja moja. Zile za kweli nimeziacha. Zile za uongo nimezifuta kwa raba mpaka karatasi ikaota manyoya. Jedwali la majina nimelisoma kwa sauti kuanzia juu hadi chini. Nilipofika "etha ya fenili na methili" sauti ilikuwa nzuri, na sikuwa na la kuongeza.

Katika ukurasa wa mwisho msanifu hutakiwa kuandika maoni. Kwa kawaida mimi huandika "Imesahihishwa" na sahihi yangu. Nimekaa mbele ya nafasi hiyo muda mrefu kuliko nilivyokaa mbele ya zoezi lolote. Mwishowe nimeandika: "Sura hii ni nzuri. Mwandishi amenieleza jambo nisilolijua, nikalielewa." Nimehakikisha vituo, kisha nikatia sahihi.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote. Fundi alinikuta mlangoni nimeivisha bahasha koti, mimi mwenyewe sina.

"Unakwenda wapi na mafuriko haya?"

"Kwenye ofisi ya vifurushi."

"Nitume mtu."

"Hii naipeleka mwenyewe."

Akaingia ndani, akatoka na kipande cha nailoni cha kufunikia vitambaa vyake, akanifunika mabega na kunibania pini shingoni bila kuniomba ruhusa. Karani wa vifurushi alinihakikishia kwamba basi la adhuhuri litafika mapema. Nilisubiri mpaka nikaliona linaondoka.

Niliporudi nilimwandikia binti yangu: "Sura imekwenda. Haina kosa."

Nilijua ninachokifanya. Ujumbe kama huo hauna haja ya kupigiwa simu.

Alijibu: "Asante sana baba." Hakuna koma kabla ya "baba". Nililitazama pengo hilo. Ningaliweza kumwandikia. Sikumwandikia.

Alhamisi, 24 Aprili

Homa kidogo. Fundi ameleta ndimu.

Jumatatu, 28 Aprili

Mhariri ameandika kwamba sura imeingia mtamboni ikiwa na jina la mwandishi wake.

Jumamosi, 3 Mei

Hakuna simu. Mvua imepungua, inanyesha usiku tu. Doa la darini limekauka, limebaki na ukingo wa rangi ya chai.

Jumanne, 6 Mei

Hakuna jambo.

Jumapili, 11 Mei

Leo hakukunyesha kabisa. Jua limetoka, watu wameanika magodoro kwenye kila ukuta, na barabara nzima inanuka pamba iliyolowa. Nimeanika koti.

Saa nane mchana nilichukua simu na kulitafuta jina la binti yangu. Sikujua hata jina lake liko mahali gani katika orodha, kwa kuwa sikuwahi kulitafuta. Daima lilikuja lenyewe. Nilibonyeza. Iliita muda mrefu, nami nikafikiri, naam, hivi ndivyo inavyokuwa upande wa pili.

"Baba?" Alikuwa anahema. "Kuna nini? Kuna kosa?"

"Hakuna kosa."

"Kitabu kimeshachapwa, hata kama lipo tumechelewa."

"Nimesema hakuna."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Fundi yuko? Kuna mtu kakuingilia ndani?"

"Hakuna mtu."

Nyuma yake maji yalikuwa yakimwagika kwenye beseni, na mtoto akiuliza, "Ni nani?", naye akajibu kwa kunong'ona, "Ni babu." Mtoto akauliza, "Kafanyaje?"

"Shikamoo, baba," akasema hatimaye. "Nimesahau hata kukuamkia."

"Marahaba."

"Sasa... kuna jambo gani?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo tangu Alhamisi, na maandalizi yote yakanitoka. Mtu aliyefundisha insha maisha yake yote hakuwa na sentensi ya kuanzia. Nikamwuliza, "Leo mmekula nini?"

Halafu akaniambia. Aliniambia kirefu, na jinsi mtoto alivyokataa karoti, akazificha chini ya sahani akidhani sahani haina chini. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya tahadhari, kama mtu anayejaribu barafu kwa ncha ya ulimi, "Na wewe, baba? Umekula nini?"

Ningeweza kumwambia nimekula vizuri. Nikamwambia ukweli.

"Chai na mkate."

"Leo?"

"Leo. Na jana. Na siku nyingine."

"Baba! Chai na mkate si chakula."

"Ni nomino mbili na kiunganishi," nikasema.

Akacheka kwa kuvuta pumzi ndani, akacheka mpaka akakohoa, akaanza kusema kitu, kicheko kikamzidi tena. Nikakaa na simu sikioni, nikamngoja amalize. Nilikuwa na nafasi.